Elimu ya chuo kikuu kwa wenye ulemavu wa viungo: Intaneti isigeuzwe kufuli

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyemuumba mwanadamu na kumjaalia kalamu iwe njia yake ya kuifikia elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba wake, na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Mwisho. Amma baad.

Ndugu msomaji, Ijumaa chache zilizopita, baada ya swala, tulimkuta kijana mmoja ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu chini ya mwarobaini ulio nje ya msikiti tunaoswali. Alikuwa ameswalia pale pale, juu ya kiti, nyuma ya safu ya mwisho iliyokuwa imeishia barazani. Tulipomuuliza kwa nini hakuingia ndani alitabasamu, kisha akatuonyesha kwa kidevu ngazi za mlangoni. Ni ngazi tatu. Tumezipanda miaka yote hii bila hata siku moja kuzihesabu.

Kijana huyo ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu. Aliumia uti wa mgongo katika ajali ya pikipiki kabla hajamaliza shule, akapona kwa kiasi alichojaaliwa, akafanya mitihani yake na kufaulu. Alikuwa na swali, na tulilihisi kuwa ni swali alilolibeba kwa muda mrefu.

"Sheikh," alisema, "pale chuoni wameniambia kwamba kwa kuwa mihadhara siku hizi inawekwa kwenye intaneti, hakuna haja ya mimi kuhangaika na ghorofa ya tatu. Nikae nyumbani nisome. Wamenieleza kwa upole kabisa, wala sina la kuwalaumu. Lakini tangu siku hiyo najiuliza: nimesaidiwa, au nimefukuzwa?"

Siku ile hatukumjibu. Tulimwahidi kwamba tutalitazama jambo lake, na makala haya ni sehemu ya kutimiza ahadi hiyo.

Utaratibu aliokuwa akiuzungumzia huitwa masomo ya mseto. Mwanafunzi hupata sehemu ya mafunzo yake kwa njia ya intaneti, na sehemu nyingine huipata ana kwa ana pamoja na mwalimu na wenzake. Mhadhara hurekodiwa akausikiliza kwa wakati wake, vitabu na maswali huwekwa kwenye mtandao wa chuo, na kazi alizopewa huzirejesha kwa njia hiyo hiyo. Semina, maabara na mafunzo ya vitendo hubaki chuoni. Neno lenyewe linajieleza kwa kila aliyekula mseto wa mchele na choroko. Vyote viwili hupikwa katika chungu kimoja mpaka vikaivana, na hakuna mpishi anayempa mgeni mmoja mchele na mwenzake choroko kisha akasema amewaandalia mseto. Tunamwomba msomaji aukumbuke mfano huo, kwani hoja yetu yote imesimama juu yake.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kwa shabaha ya kumfuata mwanafunzi pale alipo, na kina vituo mikoani ambako mwanafunzi hukutana na walimu na kufanya mitihani. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, kabla yake mawasiliano ya intaneti yakitegemea zaidi setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kobe, milango ilifunguka zaidi. Programu ya Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia na ambayo hutumika bila malipo ya leseni, ikawa ndiyo darasa la mtandaoni la vyuo vingi duniani, vikiwemo vya kwetu.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Mwezi Machi mwaka 2020 vyuo vyetu vilifungwa, vikafunguliwa tena mwezi Juni. Katika nchi nyingi vyuo vilihamishia masomo kwenye intaneti ndani ya majuma machache. Hapo ndipo wanafunzi wenye ulemavu katika nchi hizo walipobaki wameshika tama. Miaka mingi baadhi yao walikuwa wakiomba mihadhara irekodiwe, wakijibiwa kwamba haiwezekani, kwamba ni gharama, kwamba ingemharibia mhadhiri utaratibu wake. Walipohitaji wenye miili mizima, iliwezekana kwa wiki mbili.

Sisi wenye miguu inayotutii hudhani kwamba tatizo la mwenye ulemavu wa viungo ni ngazi peke yake. Laiti lingekuwa hilo tu! Yule kijana alitueleza siku yake inavyokwenda, nasi tulitahayari kwa kuwa tumeishi jirani na watu kama yeye bila kujua. Huamka kabla ya alfajiri si kwa sababu ya swala pekee, bali kwa sababu kuoga na kuvaa humchukua zaidi ya saa nzima. Daladala nyingi hazimchukui, kwani kiti chake hula nafasi ya abiria wawili na kondakta hana subira ya kukikunja. Mvua ikinyesha, udongo wa njia ya mtaani kwao huyashika magurudumu. Akifika darasani na kukaa saa nne mfululizo bila kujigeuza, ngozi ya makalio yake, ambayo haina hisia ya kumwonya, huweza kufanya kidonda cha mgandamizo. Kidonda cha namna hiyo huweza kumlaza mtu hospitalini kwa miezi, na wapo waliofariki dunia kwacho.

Kisha akasema jambo ambalo hatukuwahi kulifikiria. Siku za masomo huwa hanywi maji tangu asubuhi mpaka arudi nyumbani, kwa sababu milango ya vyoo vya pale ni myembamba kuliko kiti chake. Anafunga funga isiyo na nia wala thawabu! Daktari amemwonya juu ya figo zake. Na Waislamu tunajua nini maana ya mtu kukosa mahali pa kujisitiri na kujitwaharisha, kisha wakati wa Adhuhuri ukaingia.

Kwa mtu wa namna hii, mhadhara uliorekodiwa ni neema kubwa. Atausikiliza akiwa amelala ubavu kuipumzisha ngozi, atausimamisha, ataurudia. Mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mkono wake huandika taratibu wakati mhadhiri ameshafika ukurasa wa tatu, hatakimbizana tena na mtu. Kompyuta za kawaida tunazozitumia sote zina uwezo uliofichika ambao wengi hatuujui: zinaweza kupangwa ili mtu abonyeze vitufe kimoja baada ya kingine pale ambapo sisi hubonyeza viwili kwa pamoja, na zinaweza kuonyesha kibodi kwenye kioo ili mwenye kidole kimoja kinachofanya kazi aandike tasnifu nzima kwa kidole hicho. Tangu mwaka 2017 Google iliwezesha kuandika kwa sauti kwa Kiswahili, mtu akazungumza na simu ikaandika. Haikosi makosa, na majina yetu ya Kiislamu mara nyingine huyakoroga vibaya, lakini kwa asiye na mikono ni mkono.

Je, dini yetu inasemaje juu ya kumbadilishia mtu namna ya kutekeleza jambo kwa sababu ya mwili wake? Jibu liko katika nguzo ya pili ya Uislamu. Swahaba Imran bin Husayn (R.A.) alikuwa na maradhi yaliyomtaabisha, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu swala. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari, Mtume alimwelekeza aswali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Na asipoweza, kwa ubavu. Tuizingatie hadithi hii vizuri. Kilichobadilika ni namna. Swala ni ile ile, kibla ni kile kile, na wala hakuambiwa kwamba yake ni swala ya daraja la pili. Basi anayeona kwamba shahada iliyopatikana kwa kusomea sehemu kitandani ni shahada pungufu, na tumewasikia waajiri wanaosema hivyo, ajiulize kipimo hicho amekitoa wapi.

Lakini hapo tumefika nusu tu ya swali la kijana wetu. Nusu ya pili inapatikana katika habari za maswahaba wawili ambao macho yao yalikuwa na udhuru. Udhuru wao si wa viungo, lakini shida yao ilikuwa hii hii: kufika.

Wa kwanza ni Itban bin Malik (R.A.), Ansari aliyepigana Badri, naye alikuwa imamu wa watu wake. Macho yake yalikuwa yamedhoofika, na mvua ikinyesha bonde lililo kati ya nyumba yake na msikiti wa watu wake lilijaa maji asiweze kuvuka. Alimwomba Mtume (S.A.W.) aende nyumbani kwake akaswali mahali ambapo yeye atapafanya kuwa mswala wake. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume alikwenda pamoja na Abubakar (R.A.) jua lilipopanda, na alipoingia hakuketi kwanza. Alimuuliza mwenye nyumba ni wapi anapopenda iswaliwe. Itban akaonyesha upande mmoja wa nyumba, wakapanga safu, wakaswali rakaa mbili. Kisha wakamzuia Mtume kwa chakula walichomtengenezea, na watu wa mtaa ule wakasikia habari wakajaa nyumbani mle.

Wa pili ni Abdullah bin Umm Maktum (R.A.), kipofu ambaye kwa ajili yake ziliteremshwa aya za mwanzo za Surat Abasa. Amepokea Imamu Muslim kwamba mtu kipofu, na katika Sunan ya Abu Daud anatajwa kuwa ndiye yeye, alimweleza Mtume kwamba hana wa kumwongoza hadi msikitini, akaomba ruhusa ya kuswali nyumbani. Alipewa ruhusa. Alipogeuka kuondoka aliitwa akaulizwa kama huisikia adhana. Akajibu kwamba huisikia. Akaamrishwa kuiitikia.

Wanazuoni wamezungumza mengi katika kuzioanisha hadithi hizi mbili, na hapa si mahali pa kuufungua mjadala huo wa fiq'hi. Sisi tunatazama picha tu. Mmoja alipelekewa jamaa nyumbani kwake. Mwingine aliitwa aje kwenye jamaa, hakuachwa peke yake na udhuru wake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa kwa upole akae nyumbani, kisha akasahauliwa. Na yule aliyeitwa msikitini ndiye aliyekuja kuwa mwadhini wa Mtume pamoja na Bilal (R.A.), na akaachiwa usimamizi wa Madina zaidi ya mara moja Mtume alipotoka safarini. Kama angezoezwa kukaa nyumbani, nani angeisikia sauti yake?

Huu basi ndio mseto. Darasa liende nyumbani kwa mwanafunzi siku ambazo mwili wake umekataa, na njia ya kwenda chuoni ibaki wazi siku ambazo anaweza. Kumpa la kwanza ili kujiepusha na la pili ni kumpa choroko tupu.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu tunaona hatari inakuja. Njia ya mteremko, mlango mpana wa choo na lifti ni vitu vinavyogharimu fedha, na uongozi wowote wenye bajeti finyu utavutiwa na wazo kwamba rekodi ya mhadhara imemaliza kazi. Haikumaliza. Maabara hairekodiwi ikatosha. Mwanafunzi wa sheria hujifunza kubishana kwa kubishana. Rafiki atakayekukumbusha jina lako siku nafasi ya kazi ikitokea humpati kwenye kioo cha kompyuta. Humpata kantini, au mkingoja mwalimu aliyechelewa. Na upweke ni maradhi. Kijana yule alituambia kwamba katika muhula wa kusomea nyumbani alipata alama nzuri kuliko mihula yote, lakini siku nyingine magharibi iliingia hajazungumza na mtu yeyote isipokuwa mama yake.

Hata huko kwenye intaneti kwenyewe ngazi zipo, ila hazionekani. Kuna kurasa ambazo haziendi bila kutumia kipanya, wakati mkono wa mwanafunzi hauwezi kukishika. Yako majaribio yanayojifunga yenyewe baada ya dakika thelathini, bila kujali kwamba mwenye kuandika kwa kidole kimoja angehitaji saa nzima kuandika majibu yale yale. Kumwongezea muda mtu huyu si upendeleo. Mhadhiri hubadilisha tarakimu moja tu katika mfumo. Kisha kuna bando, na kuna umeme. Mwenye ulemavu aliyeko kijijini, ambaye mhadhara wa saa moja wenye picha humaliza fedha yake ya siku, ataona afadhali ngazi. Vyuo vingeweza kutoa mhadhara huo kwa sauti peke yake pamoja na maandishi, ambavyo hula sehemu ndogo sana ya bando. Hili nalo halihitaji mfadhili kutoka nje.

Kwa upande wa sheria hatuna upungufu mkubwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Ibara yake ya 24 inaitaja elimu ya juu, na ibara ya 9 inazitaja pamoja barabara, majengo na teknolojia ya mawasiliano. Haikuvifanya kimoja kuwa badala ya kingine. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Mwanafunzi anayeomba njia ya kupita haombi sadaka.

Sadaka, hata hivyo, ina nafasi yake, na hapa tunajielekea wenyewe. Waislamu tumekuwa hodari wa kumpa mwenye ulemavu sarafu mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Ni wachache wetu waliowahi kumuuliza amesoma mpaka wapi. Hata lugha yetu imetuzoeza vibaya: kiwete, kiguru, kilema, kipofu, kiziwi, wote tumewaweka katika ngeli moja na kiti na kijiko. Siku hizi husemwa mtu mwenye ulemavu, na wapo wanaoona kwamba huko ni kujitia ustaarabu wa kigeni. Sisi tunaona ni adabu ile ile tuliyofunzwa katika Surat Hujurat, aya ya 11, kuhusu kutoitana kwa majina yanayoudhi.

Na tukumbuke walimu wetu walikuwa nani. Ata bin Abi Rabah, mfuasi wa maswahaba aliyekuwa mufti wa Makka na kufariki kati ya mwaka 114 na 115 Hijria, alikuwa mtu mweusi, mwenye chongo, mkono wake umepooza na mguu wake unachechemea. Mwishoni akapofuka kabisa. Inasimuliwa kwamba kwa miaka ishirini sakafu ya msikiti ndiyo iliyokuwa kitanda chake. Wengi husimulia habari hiyo kama dalili ya uchamungu wake, na ndivyo ilivyo. Sisi huongeza kwamba mwanachuoni kiguru alikuwa amepata makazi hatua chache kutoka kwenye darasa lake, jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hawajalipata hadi leo. Zamakhshari, aliyefariki mwaka 538 Hijria, alitembea kwa mguu wa mti tangu Khwarizm hadi Makka. Hatukubaliani naye katika itikadi, lakini katika elimu ya lugha hakuna anayemkana.

Mwenye zaka na asiyejua aipeleke wapi mwaka huu amuulize sheikh wake kuhusu mwanafunzi masikini mwenye ulemavu. Masikini hatoki katika fungu lake kwa sababu amedahiliwa chuo kikuu, na kompyuta kwa mtu asiyeweza kushika kalamu si anasa. Kamati za misikiti ya mijini, ambayo mingi sasa ina intaneti, zingeweza kumtengea mwanafunzi huyo chumba kimoja cha madrasa wakati wa asubuhi, chumba kinapokuwa tupu, akasomea humo. Hapo atapata umeme, maji, jamaa na watu wa kuzungumza nao. Wazazi nao, hasa wa mabinti, wasilifurahie mno darasa la nyumbani kwa sababu tu linawaondolea wasiwasi. Binti mwenye ulemavu naye huisikia adhana.

Tulirudi kwa yule kijana na majibu yetu. Alikuwa tayari ameandika barua kwa mkuu wa kitivo chake, akiomba mambo mawili: mihadhara iendelee kurekodiwa kama ilivyo sasa, na semina ya siku ya Jumatano ihamishiwe chumba cha chini ambacho saa hizo hakitumiki. Hadi tunaandika makala haya alikuwa bado hajajibiwa.

Kwa upande wetu, kamati ya msikiti ilimwita fundi. Ngazi zetu tatu zina kimo cha sentimita 45 kwa jumla. Fundi alitaka kujenga mteremko wa mita mbili tu ili kuokoa saruji, na ni yule kijana aliyemzuia, akamweleza kwamba kila sentimita moja ya kimo huhitaji sentimita kumi na mbili za urefu, vinginevyo kiti hupinduka kinyumenyume. Kwa hiyo utakuwa na urefu wa karibu mita tano na nusu, na itabidi ukuta wa bustani uvunjwe kidogo. Kisha tukamuuliza angependa kuswali sehemu gani ya msikiti. Akasema safu ya pili, upande wa kulia, karibu na feni.

Wabillahi taufiq.